Mjadala: Mama aliyejifungua azuiliwe hospitalini kwa sababu ya deni?

Wana Bukavu, hapa mashariki mwa Kongo, nauliza. Mama amepasuliwa, mtoto yuko salama, daktari amesema aende nyumbani. Karatasi ya kutoka haitolewi mpaka fakitiri, yaani bili ya hospitali, ilipwe. Kitanda amepewa mwingine, yeye analala chini kwenye mkeka, na kila usiku unaongezwa kwenye deni lilelile. Akitoka kuanika nepi, mlinzi wa getini hamwondolei macho.

Mimi naiita jela. Ibara ya 17 ya Katiba ya Kongo ya 2006 inalinda uhuru wa mtu. Mkataba wa haki za kiraia na kisiasa, ambao nchi yetu iliingia 1976, unakataza kumfunga mtu eti kashindwa kulipa deni la makubaliano.

Muuguzi, Ibanda: Ndugu yangu, sheria naijua. Mimi nani ananilipa? Wengi wetu hatumo kwenye orodha ya mishahara ya serikali, tunaishi kwa prime, yaani posho, inayotoka kwa wagonjwa. Glavu, uzi wa kushonea, mazutu ya jenereta, vyote vinanunuliwa. Na wanaotoroka usiku si maskini peke yao. Wengine wamekuja na gari!

Baba wa Bagira: Mpango wa serikali wa kujifungua bure ulianzia Kinshasa Septemba 2023. Sawa, lakini hospitali isiporudishiwa gharama zake itamgeukia nani? Halafu tangu benki zifungwe hapa Februari 2025, hata mwenye akiba anaitoa kwa simu, na anakatwa vibaya sana.

Mwanzisha mjadala: Kwa mshahara, muuguzi, sikubishii. Lakini mama uliyemfungia wiki tatu hauzi chochote sokoni Kadutu. Atakulipa na nini? Andikishaneni: jamaa mmoja na chefu wa avenue, kiongozi wa mtaa, watie sahihi, alipe kidogokidogo.

Muuguzi, Ibanda: Tumejaribu. Analeta ya kwanza, kisha simu inazimwa. Chefu naye anasema alishuhudia tu, hakudhamini. Wenye kadi ya mutuelle, bima ya afya ya kuchangiana, ndio hawanisumbui, wanamaliza sehemu yao ndogo wanatoka.

Mama muuza sambaza (samaki wadogo wa ziwani), Kadutu: Mutuelle wanataka mchango wa nyumba nzima kwa mara moja. Sisi ni watu tisa. Mimi napata pesa ya siku, na siku nyingine mtumbwi unarudi mtupu. Wakipokea kila wiki, najiandikisha kesho.