Jaketi jepesi la kupandia Kilimanjaro Desemba: manyoya ya bata au sintetiki? Naombeni ushauri

MtotoWaMbagala
Habari zenu wakuu. Mimi ni mtu wa Dar, nimezaliwa Mbagala nimekulia Mbagala, baridi kali kuliko zote niliyowahi kukutana nayo ni ya basi la usiku la kwenda Mwanza kiyoyozi kimefunguliwa mpaka mwisho. Sasa kazini tumejichanga watu tisa tunapanda Kilimanjaro, tunataka tarehe 9 Desemba tuwe kileleni, njia ya Marangu siku sita. Viatu nimeazimwa na shemeji, koti la mvua ninalo, flisi ninayo, imebaki jaketi la joto, yale mepesi yenye mistari kama godoro ambayo yanakunjwa yanaingia kwenye kimfuko chake.

Kwenye mitumba ya soko la Karume nimeona mawili. Moja The North Face, lebo inasema manyoya ya bata alafu kifuani lina namba 700, jamaa anataka elfu 60. Lingine Patagonia, la sintetiki, jembamba kidogo, elfu 35. Muuzaji anasema la bata ndo mwisho wa mambo, ila huyo hata ningeshika kanzu angesema ndo mwisho wa mambo. Bajeti yangu haizidi elfu 70. Nichukue lipi? Na hiyo 700 ni nini?

Kiroboto
Vaa masweta matatu twende zetu. Wazee wetu walipanda na nini?

MpagaziMstaafu
Kiroboto wazee wetu wengine hawakurudi na vidole vyote, tuache utani.

Kijana nimebeba mizigo mlima ule miaka kumi na moja kwahiyo nisikilize. Kosa la watu wa Dar ni moja, wanavaa jaketi zito kuanzia getini. Pale Marangu geti uko kama mita 1,870, unaingia msituni, unatembea unapanda, baada ya nusu saa unatoka jasho kama uko Kariakoo. Jasho linaingia kwenye jaketi, ukifika kambi ya kwanza, Mandara, mita 2,720 jua linazama jaketi limelowa kwa ndani na wewe mwenyewe ndo umelilowesha, mvua haijakugusa hata tone. Hilo jaketi kazi yake sio kutembelea. Ukisimama unalivaa, ukianza kutembea unalivua unalirudisha kwenye begi. Ndo maana uzito unahesabika, utalibeba mgongoni mwako siku nzima maana mzigo mkubwa uko na mpagazi na yeye ameshatangulia, humkuti mpaka kambini.

Usiku wa kilele ndo habari nyingine. Mnatoka kambi ya Kibo mita 4,720 kwenye saa sita usiku, mnapanda taratiiibu mpaka Gilman's Point, ukingoni mwa kreta, hapo mwili hauzalishi joto la maana kwasababu hatua moja pumzi tatu. Usiku huo jaketi jepesi peke yake halitoshi. Nimeona vijana wenye misuli yao wanalia.

NairobiHiker254
Mimi niko Nairobi, Kilimanjaro sijafika ila Mlima Kenya nimepanda mara nne mpaka Point Lenana, mita 4,985. Nachangia kuhusu manyoya ya bata. Mara ya kwanza nilikuwa na hiyo ya bata, nilitoa Gikomba kwa bei poa sana nikajiona mjanja. Tulipita njia ya Sirimon, siku ya pili tukielekea kambi ya Shipton's mvua ikatupata kuanzia saa nane mpaka giza likaingia na renikoti yangu ilikuwa ya mchezo. Hiyo jacketi ikalowa ikawa kama kuku aliyenyeshewa, yani manyoya yote yakajikusanya chini kwa mabonge na juu ikabaki nguo mbili tupu, usiku sikulala. Manyoya yakishalowa hayana hewa ndani na hewa ndiyo inakupa joto, na kuyakausha kule juu sahau. Sintetiki ikilowa inapungua nguvu lakini inabaki na kitu, unaweza hata kuivaa ikukaukie mwilini. Desemba nyinyi huko kuna mvua za vuli bado, si ndio? Chukua hiyo Patagonia.

BeloMpya_Moshi
Mimi nauza mitumba Memorial hapa Moshi, jaketi hizi ndo ugali wangu. Kaka wa Nairobi kasema kweli ila anailaumu bata kwa kosa la renikoti. Jaketi la bata likiwa kavu hakuna sintetiki ya uzito huohuo italifikia kwa joto, na linakunjika dogo zaidi. Unaliweka ndani ya mfuko wa plastiki mzito, unalifunga, ndo unaliingiza kwenye begi. Basi.

Hiyo 700 ni hivi: wakia moja ya manyoya, kama gramu 28, ukiiachia ivimbe inajaza inchi 700 za ujazo. Kuna 550, kuna 650, kuna 800 na kuendelea. Namba ikiwa kubwa ina maana manyoya mepesi yanavimba sana. LAKINI, na hapa ndo watu wanapigwa, namba haisemi ndani yamewekwa manyoya kiasi gani. Jaketi la 800 lenye gramu 60 za manyoya linapitwa kwa joto na la 600 lenye gramu 150, sema hilo la pili ni zito zaidi. Kwahiyo usinunue namba, nunua unene. Ukiona lebo imeandikwa 90/10 ujue tisini ni manyoya laini ya tumboni na kumi ni yale yenye kijiti.

Sasa mtumba una mambo yake. Jaketi limeshafuliwa Ulaya huko sijui mara ngapi, likabanwa kwenye belo miezi, kwahiyo ile 700 ilikuwa 700 siku linatoka dukani. Ukifika Karume fanya hivi mbele ya muuzaji usione aibu: lifinye kabisa mkononi hesabu mpaka kumi, liachie, likute linanyanyuka lenyewe kama maandazi kwenye mafuta. Likibaki limelala, achana nalo. Alafu liinue kwenye mwanga wa jua, utaona vyumba ambavyo manyoya yameisha, hasa mabegani na chini ya kwapa, pale panapita upepo. Papasa kama kuna mabonge. Nusa. Na hata sintetiki ijaribu hivyohivyo kwasababu nyuzi zake zikibanwa sana zinachoka na zikichoka hazirudi.

MtotoWaMbagala
Aisee nimejifunza zaidi ya nilivyotarajia, asanteni. Maswali mawili. Moja, saizi, mimi navaa M ila la sintetiki ni L. Mbili, MpagaziMstaafu umesema jepesi peke yake usiku wa kilele halitoshi, sasa ninunue mawili? Bajeti itakufa.

Mama_Wawili
Saizi chukua L mwanangu. Mimi nilipanda nikiwa na miaka 52 na nilifika Uhuru, nasema hivyo ili mjue nilikuwa siendi haraka na baridi ilinipata vizuri. Jaketi lazima lipite juu ya flisi bila kukubana, likikubana linajifinya lenyewe na joto linaondoka, na usiku ule unavaa vitu vitano pamoja. Ila lisiwe gunia upepo ukaingia kwa chini. Hakikisha lina kofia yake. Dada mmoja kwenye kundi letu la kwake halikuwa na kofia, akafunga khanga juu ya beanie, khanga ilimsaidia kuliko sisi sote tulivyomcheka.

MpagaziMstaafu
Usinunue mawili. Nunua moja jepesi la kukufaa kambini Mandara na Horombo jioni, na hata ukirudi litakufaa Lushoto, Njombe, popote. La usiku wa kilele KODI hapa Moshi, yale makubwa mazito mpaka mapajani, yapo kibao, ulijaribu kabla hujalipa uangalie zipu inapanda mpaka kidevuni. Litabebwa na mpagazi mpaka Kibo. Usiku huo unavaa jepesi kwa ndani na la kukodi kwa juu. Ukipiga hesabu, joto linapungua kama nyuzi 6 kila ukipanda mita 1,000, Dar ikiwa 30 kule kileleni mita 5,895 tayari uko chini ya sifuri, ongeza usiku, ongeza upepo. Inafika hasi 15 na mimi nimeiona.

Na ombi langu, mkimaliza na jaketi mnaona hamtalitumia tena Mbagala, mpeni mpagazi. Wengi wanapanda na nguo za kuungaunga. Kuna KPAP, shirika la kusaidia wapagazi, pale Moshi wanaazima wapagazi nguo za mlimani bure, lakini cha mtu ni cha mtu.

Kiroboto
Kwahiyo masweta matatu hapana?

Mama_Wawili
Hapana.

MtotoWaMbagala
Mrejesho wakuu. Nimetoka Karume sasa hivi. Lile la bata nimelifinya nikahesabu kumi, nikaliachia, likanitazama tu. Nimeliinua kwenye jua bega la kushoto naona mpaka sura ya muuzaji ng'ambo. Akaanza oh hilo limelala kwasababu lilikuwa limekunjwa, nikamwambia sasa si ndo kazi yake, kukunjwa na kuamka. Akanyamaza.

La Patagonia limeamka vizuri, zipu nzima, mfuko mmoja umetoboka tu nitashona. Mzani wa duka la jirani umesoma gramu 340. Tumevutana mpaka elfu 28, amenuna. Nimelivaa pale pale juu ya fulana kwenye jua la saa saba, watu wakadhani nina malaria.

Hela iliyobaki nakodia la kilele Moshi kama mzee alivyosema. Sasa glovu.

MpagaziMstaafu
Glovu fungua uzi mwingine, hiyo ni hadithi ndefu. Ila usinunue za bodaboda.