MJADALA: Mtoto mahututi aingizwe kwenye utafiti kabla mzazi hajatia saini?

Wakuu, heshima kwenu.

Juzi kijiweni kwetu, kwenye kahawa ya jioni, ulizuka ubishi ambao bado haujanitoka kichwani. Mjomba mmoja alidai vyuo vikuu vya nje vinawafanyia majaribio watoto wetu bila hata kuuliza. Kijana mmoja tabibu akamjibu kuwa wanauliza, ila mara nyingine maelezo kamili na saini huja baadaye. Hapo moto ukawaka. Baadaye? Umeshamtia mwanangu kwenye utafiti ndiyo unanifuata na kalamu?

Naleta ubishi huo hapa, ila kwa ombi moja: tusibishane hewani. Tuuweke mezani utafiti mmoja uliofanyika kweli, tena kwenye hospitali zetu.

Unaitwa FEAST. Uliongozwa na Imperial College ya London pamoja na watafiti wa Kenya, Uganda na Tanzania. Ulianza Januari 2009 kwenye hospitali sita: Kilifi (Kenya), Muheza (Tanzania), na Mulago, Soroti, Mbale na Lacor (Uganda). Swali lenyewe lilikuwa hili. Mtoto anafikishwa na homa kali, viganja na nyayo za baridi, anahema kwa tabu au amelegea hajitambui. Damu haizunguki sawasawa. Je, atundikiwe dripu ya haraka, maji mengi ndani ya saa moja, au apewe kidogo kidogo huku dawa nyingine zikifanya kazi? Nchi tajiri zilishajibu zamani: mpe ya haraka. Lakini jibu lile lilikuwa limetokana na mazoea zaidi kuliko kupima.

Wakapima. Watoto 3141 wakagawanywa makundi matatu. La kwanza lilipewa haraka maji yenye albumini, yaani protini ya damu. La pili maji ya chumvi, haraka vilevile. La tatu halikupewa dripu ya haraka. Wote walipata tiba nyingine kama kawaida: dawa ya malaria, antibiotiki, damu kwa aliyepungukiwa. Nani aende kundi gani? Daktari hakuchagua. Kulikuwa na bahasha zilizofungwa, haziangaziki ndani, zenye namba zinazofuatana. Akija mtoto inafunguliwa inayofuata. Watu husikia hapa wakadhani ni mchezo wa kamari, kumbe ndiyo haki yenyewe ya kipimo. Daktari akiachiwa kuchagua atampa maji yule anayemwona hoi zaidi, na mwisho wa siku hutajua kama kilichoua ni maji au ni uhoi.

Ilikusudiwa wafike 3600. Hawakufika. Kuna kamati ya pembeni, isiyo na mkono kwenye utafiti, ambayo kazi yake ni kuchungulia takwimu njiani. Januari 2011 ilishauri kazi isimamishwe. Kati ya watoto 2097 waliopewa maji ya haraka, 221 walikufa ndani ya saa 48. Kati ya 1044 ambao hawakupewa, walikufa 76. Yaani kwa kila watoto mia, dripu ya haraka ilichukua watatu zaidi. Maji ya aina zote mbili, matokeo yaleyale.

Madaktari wengi walikataa kuamini. Lakini mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya: mtoto mwenye homa ambaye damu inazunguka vibaya lakini hajafikia mshtuko kamili (yaani damu kushindwa kabisa kufika viungoni) asipewe maji ya haraka, na aliyefikia apewe taratibu, kwa nusu saa hadi saa nzima. (Tahadhari, maana najua humu watu husoma nusu: watoto wenye kuharisha na wenye utapiamlo mkali hawakuwemo kwenye utafiti huu. Asije mtu akakataa dripu ya mtoto anayeharisha kwa kunisoma mimi.)

Sasa kwenye saini. Mtoto wa namna hii hana saa moja ya kusubiri mama asomewe fomu. Kamati za maadili ziliruhusu pale ambapo saini haiwezekani kwanza, mzazi aelezwe kwa ufupi, akubali kwa mdomo, halafu maelezo kamili na saini vifuate mara hali ikiruhusu.

Mimi naunga mkono. Miaka kadhaa nyuma mwanangu alipelekwa chumba cha upasuaji usiku, hospitali sitaitaja. Nililetewa karatasi nikasaini mahali nilipoonyeshwa kidole. Sikusoma hata mstari. Ningeletewa hati ya kuuza shamba ningesaini vilevile. Saini ya namna hiyo humlinda mwenye karatasi. Bora neno moja nililolielewa kuliko kurasa saba nilizozitia dole gumba.

Nawasilisha.

Mgosi wa Lushoto: Mkuu, umepamba vizuri, lakini hao watatu kwa kila mia wana mama zao. Na umeruka jambo. Hospitali zetu nyingi wakati ule hazikuwa na kawaida ya kutundika maji mengi kwa haraka kwa watoto wa aina hiyo. Kwa hiyo si kwamba utafiti uliwaondolea hatari iliyokuwepo. Theluthi mbili ya watoto waliletewa hatari ambayo wasingekutana nayo. Halafu unatuambia mama alikubali kwa mdomo. Alikubali nini? Kano, Nigeria, mwaka 1996, watoto 200 wenye homa ya uti wa mgongo waliingizwa kwenye jaribio la kampuni ya Pfizer, nusu kwa dawa mpya, nusu kwa dawa ya zamani. 11 walikufa, wazazi wakasema hawakuwahi kuelezwa ni jaribio. Kesi zikaenda miaka na miaka hadi kampuni ikakubali mwaka 2009 kulipa dola milioni 75. Na pale pia tuliambiwa wazazi walikubali kwa mdomo.

Mleta mada: Mgosi, hapo kwenye kawaida ya hospitali umenibana, na nilipaswa kusema mwenyewe. Ni kweli. Lakini angalia upande wa pili. Dripu ya haraka ilikuwa inakuja. Ilikuwa inahubiriwa kama maendeleo, kwamba watoto wa Afrika nao wapewe kile wanachopewa wa Ulaya. Ingeingia wodi baada ya wodi, bila bahasha, bila kamati ya kuchungulia, na hao watatu kwa kila mia wasingehesabiwa na mtu. Mama angeambiwa "tumejitahidi".

Kano sitaitetea. Ila naona Kano inanisaidia mimi kuliko wewe: ugomvi mkubwa pale ulikuwa kama wazazi walijua ni utafiti. Hilo ni suala la maneno yaliyosemwa kitandani.

Nesi Mstaafu: Wanangu, mnabishana kama watu ambao hawajakaa zamu ya usiku wodi ya watoto. Nimekaa miaka mingi, na utafiti nimefanya nao kazi, si huo mnaoutaja.

Mama anafika saa nane usiku, kanga imelowa, amebebwa kwenye bodaboda. Mtoto ananing'inia mkononi. Unamuuliza jina la mtoto, anataja la mkubwa. Unamwambia "tunaomba ridhaa yako", anajibu "ndiyo". Unamwambia "unaweza kukataa", anajibu "ndiyo". Ukimwambia "mama, nipe hiyo kanga", anajibu ndiyo. Kwa hiyo Mleta mada, hilo neno la mdomo unalolisifia nalo si neno. Ni kilio.

Na hiyo "hiari" niseme ukweli. Wodi yenye utafiti ina dawa. Ina oksijeni. Mtoto wa utafiti hupimwa kila saa, na wa kitanda cha pili hungoja. Wazazi wana macho. Baba mmoja aliwahi kukataa, ni haki yake, na mtoto wake alitibiwa. Lakini niliuona uso wa mwenzangu ulivyobadilika, na baba naye aliuona. Kesho yake asubuhi alinifuata kuuliza kama bado anaweza kukubali. Si kwa sababu alikuwa ameelewa.

Bado sisemi utafiti usifanyike. Tusingepima, tungeendelea kuua kwa upendo.

Mtu wa Mtwapa: Huku Kilifi watafiti wako tangu 1989, karibu maisha yangu yote. Nikiwa mdogo tuliambiwa magari yao yana mumiani, ukikutwa njiani jioni watakutoa damu. Tulikuwa tunaruka ua. Leo wana wawakilishi wa jamii wanaokaa na wanakijiji, watu wanauliza maswali, na wengi tuna mtoto aliyetibiwa pale akapona. Lakini mumiani hajafa. Anafufuka kila mtu anaposikia neno "sampuli". Mimi mwenyewe nina diploma, na nesi aliponiambia "tutachukua sampuli mililita tano" niliona chupa ya soda. Kumbe ni kijiko kimoja cha chai. Si aseme kijiko!

Mgosi wa Lushoto: Nesi, shikamoo. Nina swali moja ambalo Mleta mada amelikwepa. Mtoto akifa kabla mama hajaelezwa kamili? Saini inatafutwa wapi? Msibani?

Mleta mada: Sikulikwepa, Mgosi. Sina jibu. Kumfuata mama aliyefiwa na fomu ni ukatili. Kunyamaza, ukabaki na taarifa za mtoto wake kwenye daftari lako asijue, ni kitu gani hicho kama si wizi? Na huwezi kuwafuta waliokufa kwenye hesabu, maana ndio waliotoa jibu. Ukiwafuta, dripu itaonekana haina neno.

Nesi Mstaafu: Marahaba, mwanangu. Msibani hapana. Aende mtu baada ya arobaini, anayemjua, bila karatasi yoyote mkononi. Akae mkekani. Aseme mtoto alikuwa kwenye utafiti, alipewa hiki, tulitafuta kujua kitu fulani. Mama akisema mfuteni, afutwe. Na matokeo yakitoka, arudi tena. Huo mwendo wa pili ndio watu huusahau, maana wakati huo fedha ya utafiti imekwisha na gari limerudi makao makuu.

Mleta mada: Basi tujaribu kazi. Tuandike sisi wenyewe maneno ya kitandani, kwa utafiti kama ule. Naanza: "Mzazi, mtoto wako anakidhi vigezo vya kushiriki katika utafiti unaolinganisha njia mbili za matibabu. Ushiriki ni wa hiari. Mgawanyo utafanyika kwa bahati nasibu na sampuli ndogo ya damu itachukuliwa. Unaweza kujitoa wakati wowote bila kuathiri haki yako ya matibabu."

Mama Pacha: 😂 Kaka, hayo ni matangazo ya uchaguzi. Mimi nimejifungua mapacha njiti, nimekaa hospitali wiki sita, naongea kama mama. "Anakidhi vigezo" nikisikia usiku ule nadhani mwanangu amefaulu kitu. "Bahati nasibu" nadhani mmemchezesha. "Kuathiri haki" nadhani kuna kesi. Cha kwanza ninachotaka kusikia ni kama mnamtibu au mnaniongelesha tu. Jaribu hivi:

"Mama, mtoto ana hali mbaya, tunamtibu sasa hivi. Kuna jambo moja madaktari hawalijui: kumpa maji mengi haraka, au kidogo kidogo. Bahasha ndiyo itakayosema, si mimi. Tutachukua damu kijiko kimoja cha chai. Ukikataa namtibu vilevile. Kesho akitulia nitakueleza yote. Sawa?"

Mgosi wa Lushoto: Hii nimeielewa. Ila naona neno moja limefichwa. Utafiti. Liko wapi? Kano si ndiyo hiyo hiyo?

Mama Pacha: Umenikamata. Nililiondoa nisimtishe. Lirudi, tena liwe mwanzoni. Na "sawa?" iondoke, maana nani atasema si sawa.

Nesi Mstaafu: Na muongeze kwamba anaweza kumtoa kesho. Yule baba wa kwangu angelijua hilo asingekesha. Na "madaktari hawalijui" msiiguse, iacheni kama ilivyo. Madaktari hawataipenda, ndiyo maana naitaka.

Mama Pacha: "Mama, mtoto ana hali mbaya, tunamtibu sasa hivi. Hapa pia tunafanya utafiti. Kuna jambo moja madaktari hawalijui: kumpa maji mengi haraka, au kidogo kidogo. Yote mawili yanaweza kuwa na hatari. Bahasha ndiyo itakayosema, si mimi. Tutachukua damu kijiko kimoja cha chai. Ukikataa namtibu vilevile, wala sitakukasirikia. Ukikubali, kesho akitulia nitakueleza yote, na ukitaka atoke, atatoka. Tumwingize, au tumwache?"

Mgosi wa Lushoto: Kwa maneno haya ningekataa. Lakini ningejua nimekataa nini.

Nesi Mstaafu: Nimeyasoma kwa sauti mara mbili, polepole, nikiangalia saa ya ukutani. Hata dakika haifiki. Kumtafutia mtoto aliyenyauka mshipa huchukua muda mrefu kuliko huo.