Majirani wa Walukuba, Jinja: tuzipigie kura jumbe za kikundi?

Shafiki: Majirani, salaam. Kikundi kimejaa jumbe za kusambazwa, zenye maana zinamezwa. Napendekeza kila ujumbe tuupigie dole juu au dole chini. Madole chini yakizidi, Mwenyekiti aufute.

Mama Nakato: Naunga mkono 👍🏾 Nilitafuta fundi wa friji humu, jibu nikalikuta kesho yake chini ya picha za maua za "asubuhi njema".

Hajati Zaina: Dole chini silitaki. Mtu mzima aandike, halafu watoto wamshushe mbele ya mtaa mzima? Hatasema kitu tena.

Shafiki: Hajati, kinachopimwa ni ujumbe, si mtu. Kwenye mtandao wa Reddit wanafanya hivyo tangu 2005. Mazuri yanapanda, mabaya yanazama.

Mwalimu Opio: Yanayopanda si lazima yawe mazuri, mwanangu. Mwaka 2013 jarida la Science lilitoa utafiti wa Muchnik, Aral na Taylor. Walichukua maoni zaidi ya 100,000 kwenye tovuti moja ya habari. Mengine waliyapa kura moja ya juu, mengine moja ya chini, mengine wakayaacha, bila kuangalia yanasema nini. Yaliyoanza na ile kura moja ya juu yaliishia na alama zilizozidi kwa asilimia 25 kwa wastani. Watu wanafuata aliyetangulia!

Shafiki: Na yaliyopewa ya chini?

Mwalimu Opio: Hayo wasomaji waliyatetea, wakayainua. Kwa hiyo sifa inatudanganya kuliko lawama. Ila Hajati ana hoja: Novemba 2021 YouTube waliacha kuonyesha hadharani idadi ya madole chini, wakasema yanatumika kuwashambulia watu, hasa wenye chaneli ndogo.

Musawo Akello: Nimetoka zamu kituo cha afya sasa hivi, niruhusuni niseme. Mtu aliweka humu mitishamba ya "kumaliza malaria kwa siku moja". Ikajaa mioyo. Mimi nikaandika mtoto akiwa na homa apelekwe kupimwa siku hiyo hiyo, hakuna aliyegusa. Mama mmoja akahesabu mioyo, akabaki nyumbani na mtoto. Alipoletwa kwetu alikuwa na degedege. Amepona, Mungu ni mwema, lakini mioyo ile siisahau. Fundi wa friji mpigieni kura, maana anayempigia alitengenezewa friji, anajua. Dawa ya malaria mnaipigia kwa kujua nini?

Mama Nakato: 😢 Sikuwa na habari.

Hajati Zaina: Na mimi niliweka moyo pale. Allah atusamehe.

Shafiki: Pole sana Musawo. Basi kuna njia nyingine. Stack Overflow, tovuti ya maswali na majibu ya waandika programu, ukishusha jibu la mwenzako, unakatwa alama moja yako. Hufanyi ovyo. Sisi anayeshusha aandike sababu.

Hajati Zaina: Hapo sawa. Anipinge kwa maneno, nami nimjibu.

Mwalimu Opio: Na anayesifu dawa aseme ameitumia lini, nani alimpima.

Mwenyekiti (admini): Nimesoma yote. Mafundi, bei za sokoni na boda: pigeni kura. Anayeshusha aeleze. Afya, misiba na ugomvi wa nyumba za watu: hakuna kura kabisa. Sifuti ujumbe kwa sababu ya madole, nafuta uongo na matusi. Nitaubandika huu juu.

Musawo Akello: Asante Mwenyekiti. Ujumbe wowote wa dawa nitajeni kwa jina, nitajibu jioni nikitoka kazini. Lakini mwenye mtoto mwenye homa asinisubiri, aende kituoni.