Naomba ushauri: mshubiri na mwarobaini kwa kidonda cha punda

Ndugu wafugaji na wataalamu wa mifugo, punda wangu, anayebeba madumu ya maji hapa Kongwa, amechubuliwa na sogi (matandiko ya kubebea mizigo) hadi akapata kidonda mgongoni chenye upana wa kiganja, nami nimempumzisha kazi. Kila asubuhi ninakiosha kwa maji yaliyochemshwa na kupozwa, yenye chumvi vijiko 2 vya chai kwa lita 1, kisha ninapaka ute wa jani la mshubiri, baada ya kuliacha jani lichuruzike ule utomvu wa manjano ambao huwasha ngozi na kumharisha mnyama akiulamba. Pembezoni ninapaka mafuta ya mwarobaini ili kufukuza nzi, ingawa harufu yake inatukera sisi zaidi.

Je, maji ya majani ya mwarobaini yanaweza kumiminwa ndani ya kidonda kibichi bila kuunguza nyama changa inayoanza kuota? Aidha, ninahofia pepopunda, ugonjwa ambao hata jina lake linamtaja mnyama huyu: nimwite daktari wa mifugo amchanje sasa, au nisubiri kidonda kifunge?