MREJESHO: Yule mwenzangu wa kwaya tuliyenuniana

Wapendwa nimerudi, mimi ndo niliuliza nifanyeje na mwenzangu wa kwaya aliyenisema vibaya kwa watu hadi salamu ikafa. Wengi mlinipa Mathayo 18:15, nimfuate tukiwa wawili tu, kusema kweli sikutaka maana nilishawahadithia nusu ya kwaya (hapo nilichemka mwenyewe). Juzi baada ya mazoezi nikamfuata, moyo unadunda balaa, nikaanza kuomba msamaha kwa niliyoyasambaza mimi, akanyamaza weee halafu akalia, kumbe naye alipelekewa maneno ambayo sijawahi kuyasema. Hatujawa mashosti, siri zangu bado simpi, ila salamu imerudi na jana mwanae alipougua alinipigia nimwombee. Sasa yule mpeleka maneno, huyo bado sijamuweza jamani.