Naomba ushauri: kuona nyangumi Kizimkazi mwezi wa 8

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mjomba anakuja Unguja na wanawe mwezi wa 8, na wanataka nyangumi, si pomboo tu. Najua nyangumi wenye nundu hupita kwetu miezi hiyo, wakitoka bahari baridi za kusini kuja kuzaa, lakini upepo wa kusi nao huwa mkali. Mwaka jana nilipanda boti Kizimkazi: boti saba zimewazunguka pomboo, nahodha wetu anawakimbiza, mtoto kanitapikia kanga nzima. Sirudii! Nani anamjua nahodha mtulivu, anayezima mashine na kungoja? Tutoke alfajiri, au kuna wakati bora zaidi? Kima punju wa msitu wa Jozani hawanipi shida, wale hawana mawimbi.