Nyumba nne kwenye skuli ya kanisa: majina na alama tufanyeje?

Mwalimu_Hesabu (Unguja)
Habari zenu wenzangu. Nasomesha skuli ya kanisa hapa mjini, darasa la 1 mpaka fomu 4. Dahalia hatuna. Watoto wanatoka Fuoni, Kwahani, Bububu, na kengele ikilia kila mtu mbio kituo cha daladala. Wengi ni Waislamu. Tatizo wakubwa na wadogo hawajuani. Juzi mtoto wa darasa la 3 kateleza mferejini, kanzu yote matope, vijana wa fomu 4 wakampita kama hawajamuona.

Mkuu anataka tuige skuli za Uingereza: nyumba nne, kila moja na watoto wa madarasa yote, rangi yake, mlezi wake, na kikombe mwisho wa mwaka. Fikra naipenda. Ila kamati imeleta majina ya maaskofu wa zamani wa UMCA, ile misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza: Mackenzie, Tozer, Steere, Smythies. Hebu mtoto wa Kwahani ashangilie "Smythies" tumsikie! Na anayekosa ibada ya asubuhi, nyumba yake ikatwe alama. Mnasemaje?

Mama_Fuoni
Mwalimu, mimi Muislamu na wanangu wawili wako skuli kama hiyo. Asubuhi wanasimama kwa adabu zao, sina neno, nilijua ninakowapeleka. Lakini siku mwanangu atakapoambiwa kawapotezea wenzake alama kwa ajili ya ibada, nakuja kumchukua. Na Ramadhani msiwakimbize juani. Halafu ndugu wawekeni nyumba moja, fulana za rangi mbili nani atanunua?

Mstaafu_Wete
Bi Mkubwa hapo juu kasema kweli. Mimi nilikuwa mlezi wa nyumba huko bara, skuli ya bweni. Kule watoto wanalala pamoja, wanagombea ndoo pamoja, kujuana kunakuja kwenyewe. Nyinyi mna fulana tu. Kwa hivyo tafuteni kipindi kimoja kwa wiki, mkubwa akae na wadogo watatu wale wale mwaka mzima, awasikilize jedwali, ajue nani hakuja na kwa nini. Kikombe kinaweza kusubiri. Alama za kuchelewa zifuteni, mtoto haendeshi daladala. Toeni za bao, nage, maigizo, usafi, asiyejua kukimbia naye apate chake.

Majina chukueni visiwa: Tumbatu, Uzi, Misali, Kojani.

Kijana_Mkunazini
Visiwa sawa, ila Steere msimtupe. Kanisa la Mkunazini lilianza kujengwa 1873, mwaka ule ule soko la watumwa lilipofungwa, pale pale sokoni, na yeye ndiye aliyelisimamia. Vitabu vya Kiswahili kaandika pia. Maktaba yenu ina jina?

Mwalimu_Hesabu (Unguja)
Haina! Nimeyapeleka yote kwa mkuu. Visiwa vimepita, Steere kapewa maktaba, na ibada imetoka kwenye alama. Hapo nilimsomea maneno ya Mama Fuoni neno kwa neno. Kilichobaki ni kipindi. Mwalimu wa fizikia hataki hata kusikia, anasema fomu 4 wana mtihani wa taifa.

Mstaafu_Wete
Muachie fizikia yake. Shika mapumziko makubwa ya Jumatano, kila nyumba ikale chakula chini ya mti wake, mlezi akiwepo. Na huyo wa fizikia mpe Kojani.